Kibao Kisichosomeka Hakimfungi Mtu

Hotuba iliyotolewa Lumbadzi mbele ya madereva, wafanyabiashara na wakazi wa Lumbadzi na Dzaleka, katika mfululizo wa mazungumzo ya polisi na jamii



Mada ya leo ni tozo za maegesho katika viwanja vya watu binafsi, na haki ya kuzipinga pale ambapo alama na vibao havikueleza mambo waziwazi. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, polisi ana nini cha kusema juu ya maegesho, ilhali wengi waliokaa hapa hawana hata baiskeli? Jibu ni kwamba si lazima gari liwe lako ndipo tozo ikufikie. Mama wa Dzaleka anayekodi pikapu kwenda Lilongwe kuchukua unga, sabuni na mafuta ya kupikia katika maduka ya Area 2, ndiye anayebeba hasara gari linapozuiwa. Abiria wa minibasi ndiye anayechelewa hospitalini. Mwenye gari ndogo ya teksi anayempeleka msafiri kwenye Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, hapa jirani yetu, ndiye anayerudi nyumbani jioni bila kitu mfukoni.

Liko jambo la pili, nalo ndilo linalotuhusu sisi polisi moja kwa moja. Ugomvi wa maegesho huanza kwa maneno, ukaendelea kwa kusukumana, ukaishia kwa mtu kuvunjwa jino au chuma cha gurudumu kukatwa kwa msumeno. Hapo aliyekuwa na haki asubuhi huwa mshtakiwa jioni. Wahenga walisema hasira hasara. Nia yangu ni kuwapa njia ambayo mwenye haki ataifuata bila kuipoteza haki hiyo kwa ngumi.

Tozo tatu zisizofanana

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya, kwa kuwa yote huja kwa karatasi na yote hudai fedha.

La kwanza ni faini ya barabarani. Hii hutokana na sheria za nchi. Hapa Malawi, msingi wake ni Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1997. Askari wa usalama barabarani anapokuandikia kosa, lazima kosa hilo liwe limetajwa katika sheria au kanuni, na fedha unazolipa lazima zipewe stakabadhi rasmi ya Serikali. Pasipo stakabadhi, hakuna faini. Anayekuambia vinginevyo anakuomba rushwa.

La pili ni ada ya maegesho ya umma, yaani ile inayotozwa na halmashauri ya jiji au mamlaka ya barabara kwa magari yanayosimama kando ya barabara au katika viwanja vyake. Wale mnaovuka Songwe kwenda Mbeya na Dar es Salaam mnajua kwamba upande wa Tanzania kazi hiyo, katika barabara za mijini, iko chini ya TARURA. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka maegesho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Ada ya namna hii hupata nguvu yake kutoka katika sheria au sheria ndogo. Mtu akionewa na ofisi ya umma hapa Malawi, Katiba ya mwaka 1994, kifungu cha 43, inampa haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na ya kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo haki au maslahi yake yameguswa. Ofisi ya Ombudsman nayo iko kwa ajili ya malalamiko dhidi ya vyombo vya umma.

La tatu ndilo mada yetu: tozo ya kiwanja cha mtu binafsi. Duka kubwa, hoteli, nyumba ya kupanga ofisi au mtu mwenye kiwanja kitupu kando ya soko anaweka masharti kwamba atakayesimamisha gari lake hapo alipe kiasi fulani, au asizidishe muda fulani, la sivyo atatozwa. Karatasi inayobandikwa kwenye kioo mara nyingi huandikwa neno faini kwa herufi kubwa. Neno hilo limekosewa mahali pake. Mtu binafsi hana uwezo wa kumpiga mwenzake faini, kwa kuwa faini hutozwa na mahakama, au na chombo kilichopewa mamlaka na sheria. Alicho nacho mtu binafsi ni madai ya mkataba. Tofauti hiyo ndiyo mlango wa utetezi wenu.

Mkataba hauzaliwi gizani

Mkataba huzaliwaje kati ya dereva na mwenye kiwanja, ilhali hawakuonana wala hawakupeana mkono? Sheria husema kwamba kibao ndicho kinachozungumza kwa niaba ya mwenye kiwanja. Kibao husema: ukisimama hapa, masharti ni haya. Dereva anayesoma, akaelewa, kisha akazima injini na kwenda zake, amekubali. Basi ikiwa kibao hakikuonekana, au hakikusomeka, au hakikutaja fedha zinazodaiwa, dereva alikubali nini? Mtu hawezi kukubali neno ambalo hakupewa nafasi ya kulisikia.

Malawi ilirithi misingi ya sheria ya kimazoea ya Uingereza wakati wa ukoloni, na Katiba ya mwaka 1994 haikuitupa. Kwa hiyo maamuzi ya mahakama za Uingereza juu ya mikataba ya namna hii, ingawa hayawafungi mahakimu wetu, hutazamwa kama mwongozo. Nitayataja manne, kwa sababu yanaonyesha jinsi fikra hii ilivyokua.

Mwaka 1877 lilisikilizwa shauri la Parker dhidi ya Kampuni ya Reli ya South Eastern. Bwana Parker aliacha mkoba wake katika chumba cha kuhifadhia mizigo kwenye stesheni, akapewa tiketi. Nyuma ya tiketi palikuwa na maandishi kwamba kampuni haitawajibika kwa mzigo wenye thamani ya zaidi ya pauni 10. Mkoba ukapotea, na thamani yake ilikuwa pauni 24 na shilingi 10. Mahakama ya Rufaa ilisema swali la msingi ni hili: je, kampuni ilifanya kila lililo la busara ili mteja apate taarifa ya sharti hilo? Swali hilo ndilo linaloulizwa mpaka leo.

Shauri la pili ni la Thornton dhidi ya kampuni ya maegesho ya Shoe Lane, London. Bwana Thornton aliingia katika jengo la maegesho mwaka 1964, mashine ikamtolea tiketi, naye akaegesha. Aliporudi kuchukua gari lake akaumia. Kampuni ikasema masharti yaliyobandikwa ndani ya jengo yanaiondolea lawama. Mahakama ya Rufaa, katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1971, ilikataa. Mashine haibishani na mtu wala haisikilizi swali lake. Tiketi ikishatoka mkataba umekwisha kufungwa, na sharti linaloonekana baadaye limechelewa. Zaidi ya hayo, kadiri sharti lilivyo zito, ndivyo tangazo lake linavyopaswa kuwa wazi zaidi.

Shauri la tatu, la mwaka 2000, ni la Vine dhidi ya halmashauri ya Waltham Forest. Mwanamke mmoja aliugua ghafla akiwa njiani, akasimamisha gari katika eneo la binafsi, akatoka kwa muda mfupi. Aliporudi alikuta gurudumu limefungwa chuma. Kibao kilikuwepo, lakini gari jingine kubwa lililokuwa limeegeshwa hapo lilikikinga asikione. Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba, kwa kuwa hakukiona, hakuwa ameridhia gari lake lifungwe. Aliyelifunga ameingilia mali ya mtu bila haki.

Shauri la nne linakwenda upande wa pili, nami nalitaja ili msije mkadhani kila tozo hupingika. Mwaka 2013 Bwana Beavis aliegesha gari katika eneo la maduka huko Chelmsford. Muda ulioruhusiwa bila malipo ulikuwa saa 2. Yeye alizidisha kwa dakika 56. Alidaiwa pauni 85, akapinga hadi Mahakama ya Juu kabisa. Tarehe 4 Novemba 2015 akashindwa. Palikuwa na vibao vipatavyo 20, vikubwa, vyenye maandishi makubwa, na kiasi cha tozo kilitajwa humo. Majaji waliona pia kwamba mwenye eneo alikuwa na sababu ya haki ya kutaka nafasi zisishikwe siku nzima na watu wachache.

Vine alishinda na Beavis akashindwa. Yaliyoamua ni kibao: kilikaa wapi, kilionekana vipi, na kilisema nini.

Namna ya kukipima kibao

Tuchukue mfano, tuone maneno haya yanavyofanya kazi. Mama mmoja wa Dzaleka, mchuuzi wa mchele, amekodi pikapu pamoja na dereva wake. Wamefika Lilongwe saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado giza. Dereva ameingia katika kiwanja kilicho wazi, kisicho na lango wala mlinzi, karibu na maduka ya jumla. Wamerudi saa tatu asubuhi, mchele ukiwa kwenye mikokoteni, na gurudumu la mbele limefungwa kile chuma ambacho madereva hukiita klampu. Kijana anajitokeza na kudai fedha nyingi kuliko faida yote ya safari. Akiulizwa kwa nini, ananyosha kidole kwenye ubao mmoja uliopigiliwa kwenye mwembe, pembeni kabisa, umefifia kwa jua, na nusu yake imefunikwa na majani.

Mama huyo ajiulize maswali sita, nayo ndiyo nataka myabebe kwenda nayo nyumbani.

Kwanza, je, kibao kilikuwa mahali ambapo dereva anayeingia angekiona kabla ya kusimama? Kibao cha kutokea hakimfundishi anayeingia.

Pili, je, herufi zilisomeka kutoka kwenye kiti cha dereva, au ilimpasa mtu ashuke na kusogeza pua?

Tatu, je, kilisomeka kwa saa ile aliyoingia? Kibao kisicho na taa ni kipofu usiku.

Nne, je, kilitaja kiasi cha fedha? Kusema “gari litafungwa” bila kusema kwa bei gani ni kumnyima mtu jambo analohitaji ili aamue.

Tano, je, kilisema ni nani mwenye kudai, na anapatikana wapi? Asiyejitaja jina hawezi kudai mkataba.

Sita, je, vibao vilikubaliana? Pengine ubao mmoja unasema wateja waegeshe bure, na mwingine unasema kila anayeingia alipe. Palipo na maneno mawili yanayopingana, sheria huegemea tafsiri isiyomuumiza yule ambaye hakuyaandika.

Katika mfano wetu, mama ana majibu mazuri kwa maswali manne ya mwanzo. Dereva hakuwa na njia ya kujua. Hata hivyo, kuwa na haki ni jambo moja, na kuionyesha ni jambo jingine.

Neno juu ya lugha

Wengi wenu mtaniuliza: kibao kiliandikwa Kiingereza, nami nasoma Kiswahili, au sisomi kabisa, je, si utetezi? Ningependa kusema ndiyo, lakini nitawadanganya. Mwaka 1930 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Thompson dhidi ya kampuni ya reli, iliamua kwamba msafiri asiyejua kusoma alifungwa na masharti ya tiketi, kwa sababu taarifa ilitolewa kwa namna ambayo ingewatosha wasafiri wa kawaida. Kipimo ni umma kwa jumla, si mtu mmoja.

Lakini kuna tawi la matumaini. Mwaka 1970, katika shauri la Geier dhidi ya Kujawa, mahakama ilisema kwamba tangazo la Kiingereza ndani ya gari halikumfunga abiria Mjerumani, kwa kuwa mwenye gari alijua abiria huyo haijui lugha hiyo. Basi mwenye kiwanja ambaye kila siku anapokea magari ya watu wa Dzaleka, na ambaye watumishi wake hujibizana nao kwa Kiswahili, ana wakati mgumu kudai hakujua. Hoja ya lugha itumieni, lakini iwe fimbo ya pili. Fimbo ya kwanza ni mahali, ukubwa, mwanga na kiasi.

La kufanya siku hiyo hiyo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki bila ushahidi ni hivyo hivyo. Ukikuta karatasi kwenye kioo au chuma kwenye gurudumu, fanya mambo haya kwa utaratibu.

Usikate chuma, usikivunje kibao, usimguse mlinzi. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai, hata kama tozo yenyewe ni batili. Mlinzi naye mara nyingi ni kibarua tu. Hakuandika yeye masharti.

Piga picha kwa simu. Anza barabarani, mahali ambapo gari liliingilia, ili hakimu aone kile ambacho dereva aliona au hakuona. Kisha piga picha ya kibao kwa mbali na kwa karibu, kitu kinachokikinga, gari lilipo, na karatasi yenyewe pande zote mbili. Kama uliingia usiku, rudi usiku upige tena. Fanya haraka, maana kibao kilichofifia leo chaweza kupakwa rangi kesho.

Andika majina na namba za simu za walioshuhudia, wakikubali. Andika saa ya kuingia na saa ya kukuta tozo.

Omba maelezo kwa maandishi: jina la mwenye kiwanja, jina la kampuni inayotoza kwa niaba yake, na sharti gani limevunjwa. Uliza pia kwa adabu kama kampuni hiyo ina barua ya mwenye ardhi. Kijana aliyevaa koti la kumetameta si lazima awe amepewa kazi na mtu.

Kama ni lazima ulipe ili mali yako isiharibike au abiria wasilale njiani, lipa, lakini dai stakabadhi, na andika juu yake au kwa ujumbe wa simu kwamba unalipa kwa kupinga, ili tu gari lifunguliwe. Kulipa kwa kukomboa mali yako si kukiri deni, na fedha zilizotolewa namna hiyo zinaweza kudaiwa zirudi.

Ukiona hali inachafuka, ita polisi. Askari hatakuja kuamua nani anadaiwa. Atakuja kulinda amani na kuandika tukio katika kitabu cha kituo. Omba namba ya tukio hilo. Ni ushahidi kwamba ulikuwepo, ulilalamika, na hukupigana.

Barua, tume na mahakama

Baada ya hapo, andika barua ndani ya siku chache, wakati kumbukumbu ni mbichi. Barua iwe fupi. Taja tarehe, mahali na namba ya gari. Sema kwamba unapinga tozo kwa sababu masharti hayakutangazwa kwa namna inayoonekana kabla ya kuegesha. Taja kasoro za kibao moja moja, ambatisha picha, omba tozo ifutwe au fedha zirudishwe, na toa muda wa kujibiwa. Usitukane. Barua ya matusi husomwa na hakimu pia. Peleka nakala kwa mwenye duka au mwenye jengo ambalo kiwanja ni chake. Mara nyingi yeye hapendi kupoteza wateja kwa ajili ya tozo ya mtu mwingine, na malalamiko huishia hapo kwa heri.

Wasipojibu, iko Tume ya Ushindani na Biashara ya Haki, ijulikanayo kwa herufi CFTC, Lilongwe, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Walaji ya mwaka 2003. Kwa msaada wa kisheria, Ofisi ya Msaada wa Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ndiyo mlango wa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mwisho wa yote ni mahakama ya hakimu, ambako madai ya fedha husikilizwa.

Je, mkimbizi anaweza kwenda huko? Swali hili nimeulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini, nami nataka kulijibu kwa sauti ya juu. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Leo inahifadhi watu zaidi ya 50,000, na wengi wamezoea kuamini kwamba mahakama ni ya wenyeji tu. Sivyo. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1987, na iliweka mipaka juu ya baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo cha uhuru wa kwenda popote. Lakini ibara ya 16 ya Mkataba huo, inayompa mkimbizi haki ya kuzifikia mahakama kwa uhuru, ni miongoni mwa zile ambazo hakuna nchi inayoruhusiwa kuziwekea mipaka. Aidha, kifungu cha 20 cha Katiba yetu kinakataza ubaguzi, na uraia umetajwa humo kwa jina.

Ni kweli kwamba kutoka kambini kunahitaji kibali, na sitawaambia mkipuuze. Beba kibali chako na kitambulisho chako unaposafiri. Lakini suala la kibali ni lako na Serikali. Mwenye kiwanja hana sehemu katika suala hilo. Akikuambia “lipa, la sivyo nawaita polisi waangalie karatasi zako,” hiyo si biashara tena, hayo ni vitisho. Yaandike maneno hayo, pamoja na saa na jina la aliyeyasema.

Tena, msiogope kifungo. Kifungu cha 19 cha Katiba kinasema mtu hatafungwa kwa kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Tozo ya maegesho ya binafsi, hata ikiwa halali, ni deni. Hakuna askari mwenye ruhusa ya kumweka mtu mahabusu kwa deni hilo, wala kuwa mkusanyaji wa madeni ya mwenye kiwanja. Akifanya hivyo, au akidai kitu kidogo ili “asaidie”, mlalamikie kwa mkuu wa kituo, au kwa Tume Huru ya Malalamiko dhidi ya Polisi iliyowekwa na Sheria ya Polisi ya mwaka 2010, au kwa Ofisi ya Kupambana na Rushwa. Nayasema haya nikiwa nimevaa sare, kwa sababu sare hii haina heshima pasipo hayo.

Kwa wenye viwanja

Naona hapa wako pia wenye maduka na wenye viwanja, na ingekuwa dhuluma kuwaacha bila neno. Ardhi yenu ni mali yenu. Gari linaloziba mlango wa duka kutwa nzima linawanyima riziki, na dereva aliyesoma kibao kilicho wazi kisha akakidharau hana wa kumlalamikia. Lakini kinga yenu iko katika uwazi. Wekeni kibao kwenye lango, kwa urefu wa macho ya dereva, chenye herufi kubwa na taa. Tajeni kiasi, muda, jina na namba ya simu. Andikeni Kiingereza na Kichewa, na hapa Lumbadzi na njia ya kwenda Dzaleka ongezeni Kiswahili. Ni maneno kumi tu na rangi ya kopo moja. Fyekeni majani. Wapeni watumishi wenu vitambulisho na vitabu vya stakabadhi.

Na kuhusu kufunga magurudumu, tafakarini sana. Mahakama ya Uskoti mwaka 1992 iliona kwamba kufunga gari la mtu ili kumtoza fedha katika kiwanja cha binafsi kunaweza kuwa wizi na unyang’anyi. Uingereza na Wales zikakipiga marufuku kitendo hicho katika ardhi ya binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012. Hayo ni ya kwao. Lakini hapa kwetu, kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyang’anywa mali kiholela, na anayeshika mali ya mwenzake ajiandae kuonyesha kwa haki gani.

Mabibi na mabwana, mama wa mfano wetu hakuomba kuegesha bure. Angeambiwa bei alfajiri ile, labda angelipa, labda angekwenda kiwanja kingine. Alichonyimwa ni nafasi ya kuchagua, na mtaji wa mchele ukawa rehani kwa ubao uliofichwa na majani. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, hasara ya siku moja ni karo ya mtoto na chakula cha juma zima. Ndiyo maana suala hili, ambalo kwa wengine ni dogo, polisi jamii wa Lumbadzi wameona vema kulizungumza.

Chukueni maswali yale sita, wafundisheni na madereva wenu, na yule atakayekutwa na tatizo aje kituoni mchana, na picha zake, kwa miguu yake mwenyewe, kabla ugomvi haujamleta usiku akiwa na pingu. Tutampokea, tutaandika, na tutamwelekeza mlango wa kubisha.